Kipimo cha neva ya uso kina siku zake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya afya kuhusu kupooza uso niliifurahia, hasa pale ilipowatoa watu kwenye habari za upepo mbaya na kurogwa. Ila kuna ushauri mmoja siwezi kuunyamazia: kwamba mgonjwa awahi kupimwa neva kwa umeme, ikibidi siku hiyohiyo, ili ajue kama uso utarudi. Kuwahi ni kwa dawa. Kipimo kina siku zake.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na watu hawa naletewa mara kwa mara: jicho halifumbi, chai inachuruzika pembeni mwa mdomo, akicheka uso unakwenda upande. Neva inayoendesha misuli ya uso hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikivimba humo haina pa kutanukia, hujibana yenyewe.

Kipimo chenyewe hakitishi. Vibandiko huwekwa kando ya pua, kisha umeme kidogo hupitishwa chini ya sikio, pale neva inapochomoza kutoka kwenye mfupa. Shavu linashtuka, na wimbi linajichora kwenye skrini. Hufanywa pande zote mbili, kisha urefu wa mawimbi unalinganishwa. Tuseme upande mzima umetoa milivolti 2 na upande uliolala 0.5: nyuzi zinazofanya kazi zimebaki kama robo. Ukitoa 0.1, imebaki asilimia 5, yaani asilimia 95 zimekufa. Tangu kazi ya madaktari Esslen na Fisch kule Zurich katika miaka ya 1970, mpaka unaoangaliwa ni asilimia 90 ya nyuzi kufa. Nyuzi zilizokufa zikizidi hapo ndani ya wiki mbili za mwanzo, kupona kabisa kunakuwa na mashaka, na wapo madaktari wanaofikiria upasuaji, ingawa juu ya hilo bado wanabishana.

Sasa, uzi wa neva ukikatika, kipande cha mbele hakifi papo hapo. Ni kama mkia wa mjusi, umekatika lakini bado unarukaruka. Huchukua kama siku 3 kunyamaza, na umeme wa mashine hupigwa huko mbele, si kwenye jeraha lililo ndani ya mfupa. Ndiyo maana kipimo cha siku ya kwanza au ya pili kinaweza kuleta wimbi zuri kwa neva inayokufa. Nimempokea mama aliyepimwa kesho yake tu baada ya uso kulala, akaambiwa neva yake ni nzima. Nyumbani walishangilia. Wiki ya pili hata paji la uso halikukunjika, na fedha ya kurudia kipimo haikuwepo.

Kuchelewa nako kuna kasoro yake. Baada ya wiki 3 hivi, nyuzi zinazoota upya hupeleka umeme kila moja kwa mwendo wake, wimbi linaonekana dogo hata kama shavu limeanza kucheza. Hapo swali huulizwa kwa sindano ndani ya msuli, yaani elektromiografia.

Tena si kila mgonjwa anakihitaji. Daktari Peitersen wa Copenhagen aliwafuatilia wagonjwa wa kupooza kwa Bell, yaani uso kulala ghafla bila sababu inayojulikana, ambao hawakupewa tiba, na matokeo aliyochapisha mwaka 2002 yalionyesha kuwa asilimia 71 walipona kabisa. Kwa wale ambao uso haukulala wote ilikuwa asilimia 94. Kwa hiyo anayeweza bado kusogeza pembe ya mdomo, hata kidogo, abaki na nauli yake. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2013 nao unasema asipimwe. Kipimo ni cha yule ambaye upande mmoja wote umelala, hakuna kinachotikisika.

Kinachotaka haraka ni prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, ianzwe ndani ya saa 72 kwa maelekezo ya daktari. Katika utafiti wa Uskoti wa mwaka 2007, baada ya miezi 9 asilimia 94.4 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa wamepona, na kwa wasiopewa ni asilimia 81.6. Na jicho: matone mchana, dawa ya kupaka na plasta usiku, lisikauke likapata kidonda. (Mkono ukilegea pia, au paji likikunjika vizuri huku mdomo umepinda, hiyo huenda ni kiharusi, asingoje hata saa moja.)

Naomba toleo lijalo mrekebishe: dawa na jicho ndani ya siku 3, kipimo kati ya siku ya 4 na ya 14, kwa aliyepooza kabisa. Na anayekwenda kupimwa aandike juu ya karatasi yake tarehe uso ulipolala, maana fomu nyingi ninazoletewa hazina hata nafasi ya kuijaza.

Msomaji wenu,
Mtaalamu wa fiziotherapia,
Morogoro