Baa haikuzaa Muvumu

Bwana Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa zamani na sijawahi kuwaandikia hata mstari, gazeti mtu anasoma anafungia samaki, basi, lakini ile ripoti yenu ya majina ya kartiye, mitaa, za Goma imenitoa kimya. Muandishi wenu alifika huku kwetu barabara ya Sake akaandika eti pale tunaita Ku Muvumu pamepata jina kutoka kwa baa. Kwa baa! Sasa mwenye baa yeye alilitoa wapi, alilota? Alikuta muti, muvumu wenyewe, Bwana Mhariri. Muti ulikuwa umesimama pale kabla simenti haijafika, wamama wanauzia sombe, majani ya muhogo, chini yake, wenye kungojea gari ya Sake wanangojea pale, ukikata ganda maziwa inatoka. Baa ilikuja nyuma sana ikaandika jina ukutani na rangi ya kampuni ya bia, na muandishi wenu akasoma ukuta.

Muvumu si muti wa juzi. Wazee wa Rutshuru na Masisi, na wa ng'ambo Rwanda, walikuwa wanachomeka matawi yake kuzunguka rugo, yaani boma, yanashika mizizi yanakuwa ua, na ganda wanalipiga mpaka linakuwa nguo, zile impuzu watu walivaa kabla ya kitenge. Familia ikihama, muti unabaki. Ndiyo maana kule Rwanda ukikuta mivumu mikubwa kwenye kilima bila nyumba wanakuambia hapo palikaa mwami, mfalme. Na jina linabaki pia: Kivumu iko Rutsiro, Kivumu ingine iko Muhanga, Kavumu iko Nyanza, na ule uwanja wa ndege wa Bukavu, Kavumu, sikio lenu linawaambia nini? Waganda wako na ndugu yake, mutuba, na jina lile lilipanda mpaka kuwa jina la tawi la ukoo, tena nguo yake iko kwenye liste ya UNESCO tangu 2008. Sisi tuko na baa.

Kama ingekuwa baa peke yake ningenyamaza. Kulianza kituo cha gari, hiyo sawa, kilikuwa chini ya muti. Kisha farmasi Muvumu, shule Muvumu, kanisa Muvumu, salon, kiosk ya unite za simu, depo ya makala, yaani mkaa (muti umekatwa na jina lake linauzia makala, mnaona hiyo?), na kila mmoja anajenga mbali kidogo kuliko mwenzake, mpaka jina likavuka barabara likapasuka kama bendi ya Wenge Musica mwaka 1997, na Wenge pia ni muti wa hapa Kongo kwa wasiojua, na kila kipande kinasema ndiyo original. Sasa sikieni. Shemeji yangu alitoka Bukavu na kano rapidi, boti ya mbio, amebeba dawa ya mama mkwe, kano ikachelewa akafika giza limeingia. Nikamwambia kwa simu apande moto, pikipiki, aseme Ku Muvumu. Motari, kijana wa heshima tu, akamuuliza Muvumu gani mama, ya farmasi, ya kanisa ao ya bia? Yeye akajibu vile ningejibu mimi, ya muti. Kijana akacheka, muti hakuna mama, akampeleka ku kanisa na mvua inanyesha, ku kanisa wakamuelekeza ku farmasi, ku farmasi imeshafungwa, sentinele akamuelekeza ku baa, na ni hapo tulimkuta amekaa na dawa mapajani katikati ya walevi wanaimba, shemeji mwenyewe ambaye ni diakonesi! Mpaka leo kila sherehe ya familia lazima iletwe hiyo hadithi, na mwenye kosa ni mimi, si wenye kuiba jina la muti.

Na muti wenyewe mnajua uliishia wapi? Volkano ya 2002 ilipasua mji, ikaunguza Birere, ikafunika kipande cha uwanja wa ndege, ikashuka mpaka ziwani, huku kwetu haikufika. 2021 vilevile. Uliangushwa na komisyonere mmoja, dalali wa viwanja, aliyetaka parseli itoke mraba, asubuhi msumeno, jioni makala. (Birere nayo ni majani makavu ya migomba waliyofunikia nyumba zamani, hiyo pia hamkuiandika, au baa yake haijafunguliwa?)

Na tukiwa hapo hapo, haya mambo ya kupanda miti. Kila mara wakubwa wakipiga picha na jembe ni eucalyptus na grevillea, zote mbili za Australia. Sikatai, eucalyptus inakua haraka, inatoa makala na mbao, afadhali hiyo kuliko watu kuzidi kukata mu parke ya Virunga. Lakini muti unaokatwa kabla haujatoa hata kivuli cha mtu mmoja, jina la mahali utalishika saa ngapi?

Mimi naomba hivi. Yeyote anayefanya biashara na jina Muvumu, baa ikitangulia, apande mmoja mbele ya mlango wake. Hauombi pepinyeri, kitalu cha miche. Anatafuta tawi nene kama mkono, refu kumpita yeye ili mbuzi wasifikie majani, analichimbia mwezi wa tisa mvua ikianza, anazungushia miiba. Kwenye mawe ya lava atoboe mpaka apate udongo, ao alete mifuko ya udongo kutoka Rutshuru, pesa ya bia si iko. Asiyetaka afute ukuta ajiite Farmasi ya Poto, Kanisa la Poto, kwa sababu poto, nguzo ya taa, ndiyo imesimama pale sasa, tena haina taa.

Na muandishi wenu akirudi huku aulize mama wa sombe, yuko bado pale pale, anauzia chini ya parasol. Baa inafungua saa kumi, yeye yuko tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Msomaji wenu, barabara ya Sake, Goma