YAH: Seti za kapasita za pawa saplai za kompyuta za zamani zenye lebo za uongo na hatari ya moto

Kikuyu, Dodoma
14 Agosti 2025

Meneja Mauzo,
Duka la vipuri vya elektroniki,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu seti mbili za kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme kwa muda), moja ya BBC Micro, kompyuta ya Kiingereza ya miaka ya 1980, na nyingine ya kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 286, kwa jumla ya Sh. 96,000. Nililipa kwa simu, kifurushi nikakichukua stendi kuu ya mabasi hapa Nanenane, na risiti ya EFD ninayo. Tangazo lenu lilisema kapasita ni mpya, ni halisi, ni za 105°C, na kwamba fundi akishazipata hatafuti kitu kingine. Nilichopokea hakifanani na tangazo hilo hata kidogo. Nilipopiga simu, kijana wenu wa huduma kwa wateja alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mzee wangu, kapasita ni kapasita, mradi maikrofaradi zilingane." Maikrofaradi (µF) ni kipimo cha chaji ambayo kapasita inaweza kuhifadhi, basi. Jibu hilo limenitisha kuliko bidhaa yenyewe, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Nianze na zile kubwa za 286. Pawa saplai hiyo ina kapasita mbili nene upande wa umeme wa ukutani, zimeungwa moja baada ya nyingine. Volti 230 za AC zikipita kwenye daraja la dayodi, linalogeuza AC kuwa DC, zinafika kama 325 za DC, na kila kapasita inabeba nusu, yaani 162 na ushee. Kwa hiyo kiwandani waliweka za volti 200, ili ibaki nafasi umeme ukipanda. Zenu kwa nje zimeandikwa 470 µF, 200 V, 105°C. Sawa kabisa na zile za zamani. Lakini nilipoinamisha moja kwenye mwanga wa dirisha niliona ukingo wa kava lake juu una tabaka mbili za plastiki. Nikachukua wembe, nikachana kava jeusi taratibu kutoka juu hadi chini. Ndani kulikuwa na kava jingine la bluu lililofifia, na maandishi yake yanasomeka vizuri tu: 330 µF, 160 V, 85°C. Miguu nayo ilikuwa imepakwa lehemu mpya inayong'aa, na chini ya lehemu hiyo kuna alama ya mkasi mahali ilipokatwa kutoka kwenye bodi ya mtu mwingine.

Mita yangu ilisoma 318 µF. Kapasita ya 470 yenye uvumilivu (tofauti inayoruhusiwa) wa asilimia 20 hairuhusiwi kushuka chini ya 376. Lakini tuache maikrofaradi, maana ndizo peke yake mnazozijua. Hapo mmempa mtu kapasita ya volti 160 akaiweke mahali penye volti 162 siku umeme ukiwa mtulivu. Ukipanda kidogo, na huku unapanda, hiyo kapasita inavimba kichwa na kufumuka.

Zile ndogo za upande wa kutoka, za 1000 µF 16 V, sikuhitaji hata wembe. Niliiweka moja kwenye mita ya ESR, inayopima ukinzani wa ndani wa kapasita, ikasoma omu 0.6. Mpya ya aina hiyo, kwa kazi hiyo, haifiki 0.1. Ukinzani huo wa ndani ndio ugonjwa wenyewe wa kapasita zilizochoka: maji yaliyomo kwenye karatasi yake yanakauka kidogo kidogo kupitia mpira wa chini, ukinzani unapanda, kapasita inajipasha moto yenyewe, na kadiri inavyopata moto ndivyo inavyozidi kukauka. Laini ya volti 5 inaanza kuchafuka, kompyuta inaganda au inajiwasha upya bila sababu, na mwenye mashine anaambiwa bodi imekufa kumbe bodi ni nzima. Nyingine zinavuja, na hapo fundi hahitaji mita: akishika chuma cha lehemu tu anasikia harufu kama ya dagaa. Mbili katika seti yenu zilinitolea harufu hiyo. Kapasita mpya hainuki.

Kijana wenu aliniambia pia kwamba tatizo ni joto na vumbi la Dodoma. Vumbi tunalo, sikatai. Linaziba feni, pawa saplai inachemka, na kila fundi wa hapa anajua kazi ya kwanza ni brashi na upepo. Lakini kapasita zenu zilikuwa bado kwenye mfuko wa plastiki. Vumbi liliingia saa ngapi?

Na kuhusu joto, ndiyo maana nilitaka 105°C. Kanuni ya mafundi ni kwamba kapasita ya aina hii ikipunguziwa joto kwa nyuzi 10, umri wake unakuwa mara mbili. Chukua ya saa 2,000 kwa 105°C, ifanye kazi kwenye 65°C: inakwenda kama saa 32,000. Ya saa hizohizo 2,000 lakini kwa 85°C, mahali palepale, inakwenda kama 8,000 tu. Ukiiacha inawaka usiku na mchana, mwaka hauishi. Mliponibadilishia namba moja kwenye kava mlinipunguzia robo tatu ya umri wa kazi yangu, na mteja wangu akirudi atanidai mimi, hatawajua ninyi.

Yote hayo ningeyamaliza kwa kurudishiwa pesa. Jambo linalofuata haliishi kwa pesa.

Ile BBC Micro ni ya mwalimu mstaafu wa Mpwapwa, aliletewa na rafiki yake wa Uingereza. Mashine hizo za kampuni ya Acorn, za kuanzia mwaka 1981, ni adimu mno kwetu. Wenye umri wangu mtakumbuka Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, kwa hiyo kompyuta yoyote ya miaka ile iliyofika mikoani ina hadithi yake. Pawa saplai yake ina kapasita mbili zinazokaa moja kwa moja kati ya laini na nyutro, yaani waya mbili za umeme wa ukutani, moja ya 0.1 µF na nyingine ya 0.01 µF. Za kiwandani ni zile za chapa ya RIFA, za karatasi iliyopakwa metali, ndani ya gamba angavu la rangi ya asali. Gamba hilo likizeeka linapasuka nyufa nyembamba, unyevu unaingia, na siku moja mashine inajaza chumba moshi. Dunia nzima wenye mashine hizi wanajua kwamba hizo zinatolewa kabla hata hujaiwasha, na mahali pake panawekwa kapasita zenye alama ya X2.

X2 si pambo. Kapasita ya mahali hapo inakaa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, na umeme ukikatika na kurudi ndiyo inayopokea pigo la kwanza. X2 imepimwa kwa mapigo ya volti 2,500, na imetengenezwa ili ikitoboka ijizibe yenyewe bila kuwaka moto. Ninyi mmeniletea kapasita za njano zilizoandikwa 0.1 µF na 400 V, basi. Hakuna X2, hakuna volti za AC, hakuna alama ya taasisi yoyote ya viwango. Hizo ni kapasita za DC. Maikrofaradi zinalingana, ni kweli. Zinalingana pia na za redio.

Fundi mwenzangu wa Singida alinunua seti hiyohiyo kwenu na akaiamini. Umeme ulikatika jioni, uliporudi ile ya njano ilipasuka, ikatoa ulimi wa moto uliounguza plastiki ya ndani ya kasha kabla fyuzi haijakata. Alikuwa mezani, akachomoa. Angekuwa sokoni tungekuwa tunaandika barua ya namna nyingine. Amenipa picha na ninaziambatanisha.

Halafu kuna vile visahani viwili vya bluu kwenye seti ya 286, vilivyoandikwa 222 na 1 kV. Mahali vinapokwenda ni kati ya laini na bodi ya chuma, penye waya wa ethi. Pale inatakiwa kapasita yenye alama ya Y, kwa sababu ikifa lazima ife kwa kukata, isife kwa kuungana. Ya kawaida ikiungana, umeme unahamia kwenye kasha la chuma. Mtasema kuna ethi. Tembeeni nyumba za Chang'ombe, au hata baadhi ya zile mpya za huku Area C, mhesabu soketi zenye ethi inayofanya kazi, na adapta za pini mbili zilizochomekwa juu yake. Mtoto anagusa kasha la kompyuta ya babu yake, yuko peku kwenye sakafu ya simenti. Hili mlilifikiria mlipokuwa mnajaza vifuko?

Sidhani mlilifikiria, na sisemi mlikusudia kuua mtu. Naona kuna mtu anang'oa kapasita kwenye bodi chakavu, mwingine anazivika kava jipya, na ninyi mnanunua kwa kilo bila kupima hata moja. Mita ya ESR si ghali. Wembe bei yake mnaijua.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie Sh. 96,000 pamoja na nauli ya kifurushi. Lakini kabla ya hapo, maana hili haliwezi kusubiri mhasibu, muwapigie simu wote waliowahi kununua seti hizi, muwaambie wachomoe mashine zao ukutani na wasizichomeke mpaka kapasita za X na Y zibadilishwe. Namba zao mnazo, zilitumika kulipia. Tangazo liondolewe. Mkilirudisha, liseme wazi kila kapasita ni ya volti ngapi, AC au DC, nyuzi ngapi, na alama yake ya usalama ni ipi. Na mnijulishe kwa maandishi mzigo huu mliupata kwa nani.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nakala nitaiwasilisha Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Kapasita zenyewe sitazirudisha kwa basi. Nimezifunga kwenye bahasha na risiti yake, mtu wenu akitaka kuziona aje Dodoma, nitampa kiti na mita.

Mashine ya mwalimu kwa sasa iko wazi mezani, plagi nimeitoa kabisa, inasubiri X2 nilizoagiza kwingine.

Wenu,
Fundi na mteja wenu, Kikuyu, Dodoma.

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, picha za kapasita kabla na baada ya kuchanwa kava, picha za mashine ya Singida, nakala ya tangazo lenu.