Rangi hiyo niliipaka mimi, msiipige msasa mkavu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa nyumba na mapambo wa Jumamosi iliyopita nimeusoma mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya picha: meza ya kahawa iliyoundwa kwa shata ya dirisha la zamani, imelazwa, imewekewa kioo juu na miguu ya chuma chini. Imependeza, sibishi. Ya pili nilivaa miwani nikasoma na maelezo, pale binti yetu mwandishi anapowaelekeza wasomaji waazime mashine ya msasa, wapige mpaka rangi yote ya kale itoke na mbao ibaki tupu, kazi ya mchana mmoja tu, hata barazani, na watoto wanaweza kusaidia. Kufika hapo kwenye watoto nikaweka kikombe chini, nikamwagiza mjukuu kalamu, maana rangi hiyo ya kale huenda ina risasi, si ile ya bunduki bali madini mazito yenye sumu.

Mimi ni fundi rangi. Nilianza mwaka 1968 nikiwa saidia fundi wa miaka 15, hapa hapa Tanga, nikaacha mwaka 2009 magoti yalipokataa ngazi. Miaka ya mwanzo nilikuwa kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa akitunza nyumba za mjini, zile za ghorofa moja zenye roshani za mbao na madirisha marefu ya shata. Baadaye nikapata kazi ya kupaka matishari, yale majahazi ya chuma ya kubebea mizigo. Nyumba zile sasa zinabomolewa moja moja. Mbao zake zinapakiwa kwenye mkokoteni, zinauzwa, zinakuwa meza za kahawa. Kwa hiyo ninapoona shata ya kijani kwenye gazeti, nawaza kwamba huenda mkono ulioipaka ni huu ninaoandikia.

Mwaka jana kijana wa jirani aliniletea shata mbili alizonunua kwa wabomoaji. Anaoa, anataka kichwa cha kitanda. Mbao ni msaji, tena ule wa zamani, mzito, wenye mafuta yake, si huu mchanga tunaoushusha kutoka shamba la misaji la Longuza siku hizi. Nilichukua kisu nikakwangua kipande cha ukubwa wa sarafu kwenye kona ya chini, mahali ambapo hapataonekana. Juu kabisa palikuwa na nyeupe ya maji, ya juzi juzi, ilitoka kama ngozi ya kitunguu. Chini yake kijani cha mafuta. Chini ya kijani, krimu. Chini ya krimu, kijani kingine kizito, kimeng'ang'ania, na chini yake nyeupe iliyogeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Ndipo unakutana na msaji. Tabaka tano. Kile kijani cha chini nilikijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake, maana kilichanganywa kwa bluu na manjano kali, na mzee aliyenifundisha alikuwa na mkono mzito wa manjano.

Sasa niwaeleze hiyo nyeupe ya chini. Ilikuja kwenye kopo ikiwa nzito kama samli ya kipupwe. Tuliitoa kwa kijiti, tukailainisha kwa mafuta ya kitani na turpentaini. Kopo lenyewe dogo, ila ukilinyanyua mkono unashtuka, kama kuna mtu amelishikilia kwa chini. Uzito ule ni risasi. Na ile manjano kali nayo ni risasi, na rangi ya chungwa tuliyopaka vyuma vya matishari kabla ya rangi ya juu, nayo risasi. Msiichanganye na ile nyekundu ya udongo inayopakwa mageti leo; ile ni kutu tu. Hata dawa tuliyotia ili rangi ikauke upesi ilikuwa na risasi. Tuliipenda, nasema kweli. Ilifunika vizuri, ilistahimili jua na chumvi ya bahari, na brashi iliteleza juu yake kama inajua inakokwenda. Hizi za leo huwa zinanikasirisha.

Lakini risasi haiozi, haichuji, haizeeki. Shata ikikaa miaka 60, risasi iko palepale. Ukiiacha imelala chini ya rangi nyingine haimdhuru mtu sana. Ukiipiga msasa mkavu umeifanya vumbi, na lile vumbi baya zaidi ndilo usiloliona, linalokaa hewani baada ya wewe kuzima mashine na kwenda kunywa chai. Linatua kwenye mkeka, kwenye ndoo ya maji, kwenye mkono wa mtoto anayetambaa. Mtoto mkono wake hauchelewi kufika mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inakwenda kwenye ubongo, na kichwa kikizorota hakirudi. Kwa mtu mzima inapandisha presha, inachosha figo, nyingine inajificha mifupani miaka na miaka. Na mara nyingi hakuna dalili. Mtoto anaonekana mzembe darasani, anachapwa.

Viwango vya Afrika Mashariki vya sasa vinataka rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja. Rangi nyeupe za kale zilizotengenezwa kwa risasi ziliweza kuwa na risasi nusu ya uzito wake zikishakauka. Sikusoma sana, lakini nusu ya milioni naijua, ni laki tano. Pigeni hesabu wenyewe.

Na msidhani ni habari mpya iliyoletwa na simu. Binti yangu alinisomea kwamba Shirika la Kazi Duniani lilikaa Geneva mwaka 1921 likatunga mkataba, wa namba 13, juu ya rangi nyeupe ya risasi. Ulikataza kuitumia kupaka ndani ya majengo, isipokuwa machache. Ulisema vijana wa chini ya miaka 18 wasiajiriwe kwenye kazi hiyo. Ulisema hatua zichukuliwe kuzuia vumbi la kusugua na kukwangua rangi ikiwa kavu, na mafundi wapewe mahali pa kunawa. Nilimwambia arudie hapo pa miaka 18. Mimi nilipoanza nilikuwa na 15, na mkataba ulikuwa umeshafikisha miaka 47. Bosi wangu ama hakuusikia, ama aliusikia akanyamaza. Alichotupa ni maziwa, kikombe kimoja kila Ijumaa, eti yanaosha kifua. Tuliyapokea kwa mikono miwili ile ile yenye rangi.

Kuna jambo nalisema kwa aibu. Tulikuwa na taa ya shaba ya kuchomea rangi, unaipampu kama jiko la mafuta ya taa, inatoa ulimi wa moto. Ukiipitisha kwenye mlango, rangi inavimba, inatokota, unaikwangua kama ugali uliogandia sufuria. Nilikuwa hodari wa taa ile. Nilisimama ndani ya moshi wake siku nzima, nikarudi nyumbani na ovaroli ileile, mke wangu akaifua kwenye beseni moja na nepi za watoto. Miaka yote hiyo. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Sisemi yaliyompata nani, maana sikupima mtu. Nasema tu kwamba beseni lilikuwa moja.

Leo nikipita mtaani naona vijana wana karakana ya samani za mbao za kale. Wanajua kazi, nawasifu kwa hilo. Ila wanatumia grenda yenye kisahani cha msasa, nje, upande wa juu wa upepo, na upande wa chini kuna mama anakaanga vitumbua. Asubuhi moja nilisimama pale nikatazama. Vumbi la kijani lilikuwa limetanda kwenye kifuniko cha sufuria ya unga, jembamba kama poda. Mama akalifuta kwa ncha ya kanga, akaendelea. Jioni nilimwona tena anaokota vipande vya mbao vilivyobaki, vyenye rangi bado, anavitia kwenye kapu kwa ajili ya kuni za kesho. Nilimwambia. Akanitazama kwa adabu, akasema, shikamoo babu, na mkaa je, utanipa wewe? Sikuwa na jibu. Nilimwomba walau achague vile visivyo na rangi.

Barakoa za bluu zile za wakati wa Korona vijana huzivuta kidevuni wakidhani zimewakinga. Kwa vumbi hili hata ukiivaa puani haitoshi. Inatakiwa ile ya mpira inayobana uso, yenye vichujio pembeni.

Basi zile shata za kijana wa jirani nilizifanyaje? Ya kwanza niliiharibu kidogo, nakiri. Nilitumia kostiki, ileile ya watengeneza sabuni. Nilitia kostiki kwenye maji ndani ya ndoo ya plastiki (usithubutu kumwaga maji juu ya kostiki, itakurukia, na usitumie sufuria ya alumini, inailia), nikaifanya uji kwa unga wa muhogo ili isitiririke, nikaipaka nene. Baada ya muda rangi ilikunjamana, tabaka zote tano zikalegea pamoja. Nilifurahi kama mtoto. Nilipoosha nikakuta msaji umegeuka mweusi kama umeloweka kwenye chai ya rangi ya jana, na vibao viwili vimeachia gundi kwenye maungio. Siki ilizima ukali wa kostiki, ila weusi haukutoka wote. Kijana alisema ni sawa, ndiyo fasheni. Alikuwa ananifariji. Kostiki iacheni kwa mbao nyeupe zisizo na gundi, au msiitumie kabisa, na ukiwa huna glavu ndefu na miwani ya kazi usiiguse.

Ya pili nilikwenda taratibu. Nilitandika nailoni nzito uani, siku isiyo na upepo, watoto wote nikawapeleka kwa shangazi yao. Nikachukua chupa ya kupulizia dawa za mboga, nimeiosha, nimetia maji na sabuni kidogo. Unapuliza, unasubiri, unakwangua kwa kikwangulio chenye makali, unapuliza tena. Rangi inatoka ikiwa tope, inaanguka kwenye nailoni, hairuki. Panapong'ang'ania nilitumia ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, iliyo kama draya ya saluni ila kali zaidi, nikaiweka kwenye moto mdogo. Siri yake ni kwamba rangi hulainika mapema kabla haijaungua. Ikianza kutoa moshi umeshapita. Kona za ndani ya vile vibao vya luva ndizo zilizonila siku. Kila kibao kina pande mbili na ncha mbili, shata moja ina vibao 22, na mtu anaandika gazetini eti kazi ya mchana mmoja! Ilinichukua siku sita, saa tatu tatu, nikiwa nimeketi kwenye kigoda na redio. Mwisho nikamalizia kwa msasa wa maji, huu wanaotumia mafundi wa magari, huku mbao imelowa.

Tope lote lilikunjwa ndani ya nailoni, likafungwa. Halichomwi, halimwagwi kwenye tuta la mchicha. Sakafu sikuifagia kwa chelewa, niliipiga deki mara mbili kwa maji ya sabuni, na nguo zangu nikazifua mwenyewe, kwenye ndoo yake. Mke wangu alicheka, akasema nimejifunza kufua nikiwa na miaka 71.

Na kuna njia nyingine ambayo wasomaji wenu wengi ingewafaa zaidi: usiitoe. Kama rangi imeshika, haijabambuka, ioshe kwa maji ya sabuni, ipake vanishi ngumu juu, itundike ukutani mahali mtoto hafiki. Ule uchakavu wanaoulipia uko tayari hapo. Usiifanye meza ya kulia wala kitanda cha mtoto.

Ninachoomba, Mhariri, si kikubwa. Chapeni barua hii kwenye ukurasa uleule wa mapambo, si huku nyuma kwenye maoni ambako watu hufungia maandazi. Na mkitaka kujua kama nasema kweli au nazeeka, chukueni gamba la rangi kutoka kwenye meza ile ya picha mlipeleke maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha mtuandikie majibu, hata yakinisuta.

Binti aliyeandika makala simlaumu, hakuna aliyemfundisha, kama mimi nilivyokuwa. Nimepata shata nyingine, imeegemea ukuta nyuma ya nyumba nikiwa bado sijaigusa, ina kijani kilekile. Akiwa na nafasi aje tuitoe pamoja, apige picha zake. Glavu za saizi yake nimeshanunua.

Fundi rangi mstaafu,
Ngamiani, Tanga
(Jina langu ofisini kwenu mnalo.)