Kokteli ya embe haihitaji sukari

Ndugu Mhariri,

Msimu wa maembe ukifika hapa Tabora, mengine huozea chini ya miti, na huku watu wananunua juisi za boksi za kuchanganyia vinywaji vya sikukuu. Inasikitisha, maana embe na asali ya miombo vinatosha kutengeneza kokteli nzuri nyumbani.

Kwa glasi 4 andaa nusu kilo ya nyama ya embe, mililita 200 za juisi ya nanasi, pesheni 4, ndimu 2 na Konyagi mililita 120. Embe dodo au bolibo ndilo linalofaa. Lile dogo la kienyeji ni tamu lakini lina nyuzi, hivyo lisage na kulichuja kwanza. Nyama ikate vipande, uigandishe usiku kucha. Vipande hivyo ndivyo barafu yako, na haviongezi maji. Ukilazimika kutumia barafu, iwe ya maji yaliyochemshwa, kwani ubaridi hauui vijidudu.

Wengi hukosea kwenye asali. Ukiimimina kwenye kitu cha baridi hujikusanya chini ya blenda, na glasi moja inakuwa chachu, nyingine tamu kupita kiasi. Iyeyushe kwanza: vijiko 4 vya chakula vya asali kwa vijiko 4 vya maji ya moto, pamoja na tangawizi iliyokunwa, kiasi cha kidole gumba. Acha dakika 10, chuja, ipoe. Asali nyeusi yenye harufu ya moshi, vijiko 3 vinatosha, la sivyo itafunika ladha ya embe.

Pesheni zisisagwe na mbegu zake. Visu huzipasua na kinywaji kinakuwa kichungu. Zikamulie kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Saga vyote kwa sekunde 30 hivi. Blenda ikizunguka sana hupata joto na uzito wa kinywaji unapotea. Konyagi iingie mwisho, ikorogwe kwa kijiko.

Pima pombe kwa kipimo, si kwa jicho: mililita 30 kila glasi, kwani utamu huficha ukali wake. Gongo isikaribie kabisa. Ikiwa na methanoli, hakuna tunda linaloondoa sumu hiyo, na inapofusha na kuua. Kwa asiyekunywa pombe, weka soda ya tangawizi badala yake, ila punguza asali kijiko kimoja.

Msomaji,
Tabora