Mkono wa Idi kwa watu wa kanga

Assalaam alaikum, mama zangu, dada zangu, na wajomba mnaopenda kanga bila kuona haya. Salamu hizi ziwafikie mlioko Mombasa na Lamu, Unguja na Pemba, Tanga na Dar es Salaam, Maskati, na nyinyi mliohamia kwenye baridi mkiwa na doti mbili tatu chini ya sanduku. Leo ni mwezi 29 Ramadhani. Mwezi ukiandama, kesho ni Idi. Usipoandama, tutakamilisha 30 na kula daku mara moja zaidi. Nimeona niandike usiku huu kabla nyumba haijajaa watu.

Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, nilikuwa Mtaa wa Biashara, Mombasa, kumnunulia mama doti ya Idi. Mnaujua mtaa ule siku kama hizi: kanga zimetundikwa milangoni, zimekunjwa kwenye rafu hadi darini, nyingine zimetandazwa mezani na mikono kumi inazivuta. Katika duka moja kijana alichagua kwa rangi, akaridhika, akatoa pesa. Muuzaji akamzuia. "Umesoma? Unampa nani?" Alikuwa anampelekea mama mkwe, na kanga yenyewe ilisema "Hasidi hana sababu". Kijana aliiweka chini kama aliyeshika kaa la moto, wakaanza upya wawili wale, sasa wakisoma majina, yaani maneno ya kanga, moja baada ya jingine kwa sauti. Nilisimama nikawasikiliza mpaka nikakaribia kuchelewa kufuturu. Hayo ndiyo mapenzi yaliyonifanya nianze hazina yetu ya picha za kanga mtandaoni miaka 18 iliyopita, nikiwa na kamera ya kuazima na sanduku la mama, na bado hayajapungua.

Kwetu kumi la mwisho la Ramadhani ni la ibada, lakini pia ni la kufagia. Mapazia hufuliwa, ukuta hupakwa chokaa, makochi husogezwa na vilivyopotea mwaka mzima vikaonekana. Mwaka huu, kama wengi mlivyoona, tumeifagia na tovuti. Ilikuwa imechoka. Niliijenga enzi za kompyuta ya mezani, na leo karibu kila mmoja wenu anaingia kwa simu. Picha zilikuwa nzito, zikimaliza bando la mtu kabla hajafika herufi M. Maandishi yalikuwa madogo hata mimi nikawa navaa miwani. Mpwa wangu anayejua mambo ya programu alijitolea miezi mingi, bila malipo, usiku baada ya kazi yake. Mwombeeni dua, anastahili.

Tuligundua kwamba ugumu mkubwa uko kwenye mpangilio, rangi na vitufe ni kazi nyepesi ukilinganisha. Mimi niliipanga hazina kwa jina la kanga, A mpaka Z, kwa kuwa ndivyo tunavyoziita: mtu hasemi "ile nyekundu yenye korosho", anasema "ile ya Japo sipati". Lakini jina moja hupigwa chapa kwenye nakshi nyingi, na nakshi moja hubeba majina mengi. Pindo lilelile la korosho linaloizunguka kanga, mji uleule, yaani uwanja wa kati, wenye nanasi, mwaka huu linasema hili na mwaka ujao linasema lile. Ukipanga kwa jina, ndugu wa nakshi moja wanatawanyika. Ukipanga kwa nakshi, majina yanapotea. Sasa kila kanga inashikwa pande mbili. Ukigusa jina unapata wenzake wa jina, ukigusa mji au pindo unapata wenzake wa nakshi. Nimekaa saa nzima nikifuata pindo moja kutoka picha ya Tanga hadi picha ya Maskati. Jaribuni, mtafurahi.

Halafu kuna tahajia. Kanga huandikwa kwa herufi kubwa, bila nukta wala mkato, na nyingi zilipigwa chapa kule mbali, na watu wasiojua neno la Kiswahili. Herufi hudondoka, maneno mawili huungana, Kimvita cha Mombasa hukaa pamoja na Kiunguja. Zamani ukiandika neno kwa usahihi tovuti ilikwambia haipo, kumbe ipo na kosa lake. Hatukuyasahihisha makosa yale, na naomba tusiyasahihishe kamwe. Kanga inanukuliwa kama ilivyo, na chini yake tunaweka tahajia ya kawaida, ili atafutaye aipate kwa njia yoyote.

Za herufi za Kiarabu zimetutesa kwa utamu. Kabla herufi za Kirumi hazijatawala, majina yaliandikwa kwa herufi zile, na katika uandishi wa kale herufi moja ya be hubeba b, p na mb. Kwa hiyo "baba", "papa" na "pamba" zaweza kuandikwa sawasawa, na msomaji anategemea akili na muktadha. Kanga moja iliyotoka Lamu imetuzungusha miezi mitatu kwa neno kama hilo. Mwalimu wa chuo alisoma hivi, dada wa Unguja akasoma vile, wote kwa hoja nzuri. Ajuza mmoja, dada wa mwenye kanga, alipoulizwa hakuomba hata kuiona. Alilitamka jina lote kwa moyo, kwa kuwa alilisikia utotoni likisomwa uani. Sasa tunaweka picha ya karibu ya herufi na kila namna neno lilivyosomwa, pamoja na aliyelisoma.

Nije kwenye jambo ninalotaka kuomba radhi, maana mwezi huu ni wa kusameheana.

Tulipoanza kutengeneza sura mpya, tulitaka usafi. Kila kanga ikapewa visanduku vyake: jina, pindo, mji, rangi, alama ya duka, makisio ya mwaka. Maelezo marefu mliyokuwa mkiandika chini ya picha, ya nani alinunua, nani alivaa, siku gani, tuliyaona yanajaza ukurasa. Tukayaficha nyuma ya kitufe kidogo chini kabisa. Ukurasa ulipendeza. Niliutazama nikajisikia kama mwanamke aliyemaliza kupanga sebule.

Siku ya nne mama mmoja wa Malindi alinitumia ujumbe wa sauti. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, nimefungua, kanga yangu naiona. Mimi siko." Basi, akanitakia funga njema.

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Kanga yake ni kisutu cha nyekundu, nyeusi na nyeupe, na visutu tunavyo vingi. Kilichokuwa chake ni yale maelezo: kwamba alitandikiwa siku ya harusi, kwamba nusu ya doti alimzikia mtoto, na nusu iliyobaki ndiyo hiyo kwenye picha. Sisi tulikuwa tumeyaondoa machoni ili ukurasa upumue.

Nikarudi kwenye "Japo sipati tamaa sikati". Tunazo picha 11 za jina hilo, kutoka kwa watu 11. Kwenye visanduku zilifanana kama maharage. Nilipoyafungua maelezo, mmoja aliivaa miaka yote aliyokuwa akitafuta mtoto. Mwingine alinunuliwa na shangazi aliporudia mtihani. Wa tatu aliivaa akipita mbele ya nyumba ya mke mwenzake, na anaandika waziwazi kuwa leo wanapikiana. Maneno ni yaleyale manne. Kanga husema kwa kinywa cha aliyeitoa na sikio la aliyepewa; tukiwaondoa hao wawili tunabaki na mita moja na nusu ya pamba.

Kwa hiyo tulivunja tulichojenga. Mpwa wangu hakulalamika, alikaa kimya akaanza upya siku ileile. Sasa ukifungua kanga yoyote, chini ya picha, kabla ya pindo na mji na rangi, unakutana na mstari wa mwenye kanga kwa maneno yake mwenyewe, na ukiongeza kanga mpya swali la kwanza ni "Ulipewa na nani?" Asiyependa kusema anaruka, siri ya mtu ni yake. Mama wa Malindi ameingia tena. Ameongeza aya mbili.

Wakongwe mnakumbuka pia mwaka tuliopoteza picha za miaka ya mwanzo, kampuni iliyotutunzia seva ilipofunga milango bila kutupa muda wa kutosha. Nililia wiki nzima. Mliokoa nyinyi: kadi za kamera za zamani, diski zilizokwaruzika, na bahasha moja kutoka Maskati yenye picha za karatasi, nyuma yake majina yameandikwa kwa kalamu ya risasi. Tangu hapo tunaweka nakala tatu, moja ikiwa nje ya Afrika Mashariki kwa mwanachama mwaminifu. Na viungo vya zamani vyote tumevilinda. Ile anwani uliyomtumia bintiyo miaka kumi iliyopita bado inafika palepale. Hilo lilituchosha kuliko kazi yoyote, na silijutii.

Kuna wenzetu tuliofunga nao mwaka jana na mwaka huu hawapo. Kurasa zao tumeziacha kwa majina yao, kama zilivyokuwa, hakuna atakayerithi wala kuzihariri. Mtu akiuliza jambo kwenye kanga zao, tunajibu sisi kwa niaba. Tuwasomee Fatiha.

Kesho, au keshokutwa, tutapita nyumba kwa nyumba kupeana mkono wa Idi. Watoto watakusanya senti zao, sisi tutakalishwa mbele ya pilau na kaimati. Naomba kitu kimoja kwa mlio karibu na wazee. Baada ya chakula, mama au bibi akiwa ametulia, mwombeni afungue sanduku. Msimharakishe. Itandazeni kanga kwenye mkeka kivulini, jua kali huua rangi kwenye picha. Simameni juu ya kigoda ili pindo zote nne zionekane, kisha pigeni picha ya pili ya jina peke yake na ya tatu ya ukingo, maana hapo ndipo mnapoweza kukuta alama kama ile ya "Mali ya Abdulla". Ikiwa ya Urafiki, kiwanda cha nguo cha Dar es Salaam, ulizeni kama aliinunua Dar au aliletewa. Kiwanda kile kilifunguliwa 1968 na kumbukumbu za miaka yake ya mwanzo bado ziko vichwani mwa watu. Zikiwa zimechakaa, msizione aibu. Iliyotoboka kwa kubebea watoto watano ina mengi ya kusema kuliko doti ambayo haijakatwa. Kisha wekeni simu chini, mumsikilize.

Wenzetu Wakristo mnaochangia hazina hii, na mliovumilia salamu zangu ndefu za Idi mwaka baada ya mwaka, karibuni pilau. Krismasi mlinitumia picha za kanga za sikukuu zenu nikazifurahia sana.

Kwa niliyemkosea mwaka huu, kwa jibu kali, kwa picha niliyochelewa kuiweka, kwa neno nililolisoma vibaya nikang'ang'ania, naomba msamaha. Nami nimesamehe. Minal aidin wal faizin. Allah atukubalie funga zetu, atukutanishe mwakani tukiwa wengi kuliko leo.

Nasikia watoto wako juu ya dari wanautafuta mwezi. Doti ya mama iko chini ya mto wangu, imekunjwa na gazeti lake la dukani. Nilichagua kwa nusu saa. Jina lake nitawaandikia kesho, akishalisoma yeye kwanza.

Idi Mubarak.