Mwanangu, yule uliyemcheka Lukenya

Naro Moru,
Jumanne usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu za nyumbani. Mama yako hajambo, mguu umepungua kuvimba. Mvua imekataa kunyesha, lakini asubuhi mlima unajifunua wote, vilele vya Batian na Nelion vimesimama wima kama vimechongwa jana. Ng'ombe yule mweusi amezaa.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikata kauli. Ungenikata kwa adabu, najua, "sawa baba, nimekusikia," halafu ungeniuliza habari za maziwa. Kwa hiyo kaa chini usome.

Kwanza nikushukuru kwa Jumapili. Ulinialika mwenyewe nije nikuone ukipanda miamba kule Lukenya, na si kila kijana wa Nairobi anayetaka babake aliyevaa koti la mitumba akae katikati ya marafiki zake. Nilikaa pale chini ya mti na chupa yangu ya chai, pimbi wananichungulia kutoka kwenye nyufa, nikakuona ukipita pale mwamba unapoinama kama dari. Ulining'inia kwa vidole viwili, ukapaka chaki mkono wa pili bila haraka, kama mtu anayejipaka mafuta asubuhi. Mimi nimeongoza watu Mlima Kenya miaka mingi, na pale nisingepita hata wakati wa ujana wangu. Nilijivunia, nisikufiche.

Baadaye akaja yule mzee. Nasema mzee, lakini pengine ananipita umri kidogo tu au hanifikii. Tumbo limemtangulia, suruali ya michezo mpya kabisa, bado ina mkunjo wa dukani. Alifungwa kamba, akapanda kama mita sita hivi, akakwama. Mguu ukaanza kutetemeka, ule mtetemeko tunaouita cherehani. Rafiki yako mmoja akasema njia ile ni ya watoto. Mwingine akatoa simu. Nawe, mwanangu, ukasema kwa sauti ya kusikika, "Hiyo hata shosho angepanda na patipati."

Mkacheka. Yule mzee akateremshwa, akafungua fundo mwenyewe, akasema "asanteni", akaenda kukaa kando ya gurudumu la gari lake.

Nilimpelekea chai. Hukuona, ulikuwa unarudi kwenye ile njia yako ya dari. Aliniambia binti yake wa miaka 13 ameomba kujifunza kupanda, naye akaona si vizuri amshikie mtoto kamba hali hajui kamba ikoje. Ndiyo maana alitangulia peke yake, kabla ya binti. Halafu akavua kile kiatu cha kuazima akanionyesha vidole. Vilikuwa vyekundu kama vimeungua. Anavaa namba 44, mlimpa 42, na alipouliza aliambiwa viatu vya mwamba sharti vibane. Vibane, ndiyo, kwa mtu anayekanyaga ncha ya upana wa kucha. Mtu wa siku ya kwanza unamfinya miguu ili iweje? Ile cherehani haikuwa woga peke yake. Ilikuwa maumivu.

Usinielewe vibaya. Asubuhi ile ile nilikusikia ukimfokea yule msichana ambaye hakufunga vizuri karabina yake, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, ukamrudisha chini, ukamfanya aanze upya mbele ya watu. Pale ulifanya sawa, na angelia ningekuwa upande wako. Milimani ukali wa namna hiyo ni huruma. Nimewahi kushusha mtu aliyevunjika nyonga kwa sababu ya fundo ambalo kila mmoja aliliona na hakuna aliyetaka kuonekana mjuaji. Kwa hiyo sikuombi uwe mpole. Nauliza tu yule mzee mlimsahihisha nini.

Ukutani kwako, juu ya kitanda, umebandika picha ya El Capitan, ule mwamba wa bonde la Yosemite, Marekani. Nililala nikiitazama usiku wa Jumamosi. Habari za mwamba ule nilisimuliwa na mgeni Mmarekani tuliyekwama naye siku mbili Austrian Hut, kile kibanda cha wapandaji juu ya Mlima Kenya, kwa ajili ya theluji, na baadaye nikazisoma mwenyewe katika yale magazeti ya wapandaji ambayo wageni huacha nyuma pamoja na soksi. Pengine wewe unazijua njia zake zote na viwango vyake vya ugumu. Sijui kama unawajua watu wake.

Palikuwa na Warren Harding, mpima ardhi wa barabara, mpenda divai, asiye na subira na mtu wa kumhubiria. Na palikuwa na Royal Robbins, mtu wa nidhamu, aliyeamini kwamba namna unavyopanda ni kubwa kuliko kufika. Mwaka 1957 Robbins na wenzake wawili walikuwa wa kwanza kupanda ukuta wa Half Dome, katika bonde lile lile la Yosemite. Harding aliutaka ukuta huo, akachelewa. Alipanda kwa njia ya nyuma akawangoja kileleni ili awapongeze. Mimi hapo tu huwa nampenda Harding, hata kabla ya mengine.

Akaugeukia El Capitan, ambao watu walisema haupandiki. Alianza mwaka 1957 akamaliza Novemba 1958 na wenzake wawili, Wayne Merry na George Whitmore: siku kama 45 ukutani, zimetawanyika katika miezi 16 hivi, kamba zimeachwa zikining'inia ili warudi nazo juu. Kwenye ufa mmoja mpana walikosa misumari ya kutosha upana ule, wakapigilia miguu ya majiko ya zamani. Miguu ya majiko, mwanangu! Mwaka 1960 Robbins akaja na wenzake watatu, wakapanda njia hiyo hiyo kwa siku saba mfululizo bila kuacha kamba nyuma. Hilo lilikuwa somo kwa Harding, na lilikusudiwa liwe somo.

Ukaja mwaka 1970. Harding na Dean Caldwell waliingia kwenye ukuta wa kusini-mashariki wa El Capitan, ule unaopigwa na jua la kwanza, wakakaa huko karibu mwezi mzima. Dhoruba ikawapiga, waokoaji wakatumwa, wao wakakataa kuokolewa. Walitoboa mwamba mara nyingi sana, mashimo kama 300 ya bolti na ya ndoana, na walipofika juu walikuta waandishi wa habari. Wapandaji "safi" wakakasirika. Kwao ile ilikuwa kazi ya fundi bomba iliyopigwa picha.

Mapema mwaka 1971 Robbins akaamua kuifuta njia ile. Akamchukua Don Lauria, wakaanza kupanda huku wakikata bolti za Harding kwa patasi, moja baada ya nyingine. Wakafika juu kiasi, wakalala ukutani. Halafu wakaacha kukata. Walikuwa wamegundua kwamba kati ya bolti na bolti palikuwa na upandaji mgumu, wa ustadi, wa mtu anayejua mwamba. Robbins akaweka patasi mfukoni, wakapanda mpaka mwisho, na hakuficha kwamba njia ilikuwa bora kuliko alivyodhani.

Wengi humsifu kwa kuacha. Namsifu pia, kidogo. Lakini bolti alizokwisha kuzikata hazikurudi zenyewe, na neno lilikuwa limeshaenea bondeni. Linalonikaa kichwani ni hili, kwamba mtu mwenye akili kama Robbins ilibidi aguse mwamba ule kwa mikono yake, usiku na mchana, ndipo amwelewe mwenzake. Wewe hukugusa kile kiatu.

Na hao wakubwa wote wawili hawakuimaliza ile njia ya 1958 kwa mikono na miguu mitupu, bila kuvuta msumari. Aliyetangulia kufanya hivyo alikuwa Lynn Hill, mwaka 1993, mwanamke wa kimo cha sentimita 157 hivi. Basi.

Nilisikia pia rafiki yako akiicheka kamba ya mtu, kwamba ni ya bei rahisi. Hapa Nanyuki, mlipokuwa mkinunua viatu vya shule, palikuwa na kambi ya wafungwa wa vita. Mwaka 1943 Waitaliano watatu waliotekwa na Waingereza walitoroka humo, si kwa kukimbilia kwao, ila kuupanda mlima. Kamba zao zilikuwa za mkonge wa vitanda vya kambi. Vyuma vya kukanyagia barafu walivifua kwa siri kutokana na takataka za chuma. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyo kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Batian iliwashinda, ikawarudisha. Wawili kati yao wakapanda kilele cha Lenana wakasimika bendera yao, kisha wakashuka wakiwa na njaa, wakajipenyeza tena ndani ya kambi na kujitoa kwa mkubwa wake. Wakahukumiwa siku 28 za kufungiwa, wakatumikia saba. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliandika habari zao. Nikiwaza watu wa Lukenya wanaotazama lebo ya hanesi, ule mkanda wa kupandia, kabla ya kukusalimia, huwaza wale watatu wakifika pale chini ya mwamba wakiwa na kamba ya kitanda, na ni nani angewaruhusu wafunge fundo.

Lakini sikuandika barua hii kwa ajili ya Wamarekani na Waitaliano.

Mwaka 1988 nilikuwa na umri wako. Nilikuwa nimeanza kuongoza wageni kwa kamba, Nelion na Batian, wakati wengi wa rika langu walikuwa bado wanafikisha watu Lenana tu. Na Lenana, unajua, ni kutembea, hakuhitaji kamba. Tulikuwa na jina tulilowaita wageni wa Lenana, silirudii hapa. Nilianza kukaa kando. Nilikunywa chai na wageni ndani, mapota, wale wabeba mizigo, wakinywa nje kwenye jiko lao. Hakuna aliyeniagiza. Nilijiona nimehama.

Safari moja nilikuwa na Wajerumani wawili, na babu yako alikuwa miongoni mwa mapota. Alikuwa amepita miaka 50, amebeba mzigo wa kilo 20 hivi tangu kambi ya Met Station, kupitia lile tope la kupandisha lisilokwisha, hadi Austrian Hut, mita 4,790. Jioni alituletea chai ndani. Mgeni mmoja akaniuliza kwa Kiingereza, huyu mzee anayepika chai nzuri ni nani? Nikamjibu, ni mmoja wa mapota.

Babu yako alifanya kazi kwa settla tangu utotoni. Kiingereza alikisikia vizuri kuliko mimi. Aliweka kikombe changu mwisho, akasema, "Karibu, bwana." Akatoka.

Kesho yake tulivuka barafu ya Lewis gizani, tukapanda Nelion, tukalala kwenye kile kibanda kidogo cha bati kileleni. Kibanda kile alikijenga Ian Howell mwaka 1970. Vipande vyake vilidondoshwa na ndege kwenye barafu, naye akavipandisha juu kwa safari 13, peke yake, ili watu asiowajua wasigande usiku. Nililala humo nikiwa na joto, nikijua kwamba chini yangu, karibu mita 400, baba yangu amenikasirikia. Nilikosea. Tuliporudi alikuwa ameniwekea supu, akaniuliza kama vidole vya miguu viko salama. Hakulitaja lile neno siku ile, wala mwaka ule, wala alipokuwa amelazwa mwaka 1996, nami nimekaa pembeni ya kitanda nikitafuta mahali pa kuanzia. Sikuanza. Alifariki nikiwa nimekwenda kununua maziwa.

Una jina lake. Tangu unazaliwa nimekuita "baba" kama mila inavyotaka, na Jumapili uliposema lile neno la shosho, nilimsikia mtu mwingine kabisa akisema ndani ya Austrian Hut, mwaka 1988, kwa sauti inayofanana na yako.

Ungetarajia hapa nikuandikie mpanda ngazi hushuka. Siiandiki. Kila apandaye hushuka, hata mnyenyekevu. Mimi magoti yangu ni ushahidi.

Yule mzee nilimwomba asikate tamaa. Nilimwambia mwanangu ndiye hodari kuliko wote pale, na kwamba Jumapili ya pili ya mwezi ujao atakuwepo, atamshikia kamba yeye mwenyewe, na baadaye ya binti yake. Alinitazama kidogo, akauliza ni yupi. Nikakuonyesha; ulikuwa juu, kwenye dari. Alinyamaza kitambo, akaniambia, "Anapanda vizuri sana," na akamaliza chai yake. Namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mtafutie viatu mapema, kabla hajafika. Ni namba 44.

Mama yako anasema ulete ile blanketi.

Ni mimi,
Baba yako