Shoga yangu, pimeni tokeo, msipime karatasi

Upanga, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku Dar mvua za masika zimekaza na Jangwani haipitiki, ila sote wazima.

Nimeisoma rasimu yenu ya mapitio ya tiba za vidonda vya miguu kwa wenye kisukari. Kilichonikwaza ni lile jedwali la maksi. Kila utafiti mmeupa maksi kati ya 5, kisha mkasema kuanzia 3 umefaulu. Hiyo ni mizani ya Jadad ya mwaka 1996. Inatoa maksi kwa utafiti uliotaja kwamba uligawa wagonjwa kwa bahati nasibu, lakini haiulizi kabisa kama anayeandikisha wagonjwa aliweza kujua anayefuata ataangukia kundi gani. Tena maksi zinajumlishwa, kwa hiyo uzuri wa sehemu moja unafunika ubovu wa nyingine. Huo ni mtihani wa darasa la saba.

Hamieni kwenye RoB 2, chombo cha kupima hatari ya tokeo kupotoshwa, cha Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tafiti za tiba; kilichapishwa 2019. Kinaangalia mambo matano: ugawaji wa makundi, tiba kwenda kinyume na ilivyopangwa, takwimu zilizokosekana, namna tokeo lilivyopimwa, na uteuzi wa tokeo la kutangaza. Maswali yake yana majibu matano ya kuchagua: ndiyo, yaelekea ndiyo, yaelekea hapana, hapana, hakuna taarifa. Kila jambo linahukumiwa kuwa na hatari ndogo, mashaka kiasi, au hatari kubwa. Hukumu ya jumla haiwi nyepesi kuliko hukumu mbaya kuliko zote, na mashaka kiasi yakirundikana mahali pengi mnaweza kuyapandisha kuwa hatari kubwa. Kinachohukumiwa ni tokeo moja moja. Utafiti uleule unaweza kuwa salama kwenye vifo na mbovu kwenye maumivu.

Kwenye ugawaji msiwe na haraka. Kutengeneza orodha ya nasibu ni kazi moja, kuificha orodha hiyo ni kazi nyingine, na ya pili ndiyo huharibika. Kugawa kwa siku ya kliniki, kwa namba ya faili shufwa na witiri, au kwa zamu huyu-na-yule si nasibu hata mwandishi akiiita hivyo. Bahasha zinakubalika kama hazipenyezi mwanga, zina namba za mfuatano, zimefungwa, na jina la mgonjwa linaandikwa juu kabla ya kufunguliwa. Bahasha nyepesi inayoinuliwa kwenye taa haifichi kitu. Angalieni pia wagonjwa wanaogawiwa kwa mafungu ya wanne wanne, wawili kundi hili na wawili lile, pale ambapo tiba inaonekana kwa macho: nesi akishajua makundi ya watatu wa kwanza, kundi la wa nne analijua kabla hajaketi. Hapo mwenye kidonda kibaya anaweza kuambiwa arudi kesho. Schulz na wenzake walionyesha mwaka 1995, kwa majaribio 250, kwamba pale ugawaji ulipofichwa vibaya uwiano wa odi, kipimo cha kulinganisha uwezekano wa tokeo kati ya makundi mawili, ulitia chumvi faida ya tiba kwa asilimia 41, na pale maelezo yalipokuwa hayaeleweki, kwa asilimia 30.

Kwenye takwimu zilizokosekana, acheni ile kanuni ya kwamba wakipotea chini ya asilimia 20 hakuna neno. Fanyeni hesabu. Tuseme kila kundi lina watu 200. Kundi la dawa mpya wamerudi 160, na 72 hawajapona, yaani asilimia 45. Kundi la kawaida wamerudi 190, na 95 hawajapona, asilimia 50. Dawa inaonekana kusaidia. Sasa wafikirieni wale 40 waliopotea. Kama 28 kati yao hawakupona, na kati ya wale 10 wa upande wa pili hawakupona 5, kila kundi linabaki na 100 kwa 200, na faida yote imeyeyuka. Kwa hiyo ulizeni kwa nini watu hawakurudi. Aliyehama Mbagala kwenda Chanika kufuata nyumba nafuu si sawa na ambaye mguu umenuka akakimbilia hospitali nyingine au kwa mganga.

Upimaji nao unategemea tokeo lenyewe. Jaribio la FEAST, lililotangazwa 2011 na lililofanyika Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, liligawa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Madaktari walijua nani anapewa maji mengi ya haraka mshipani. Bado vifo ndani ya saa 48, asilimia 10.6 na 10.5 kwa waliopewa maji, 7.3 kwa wasiopewa, havikupindishwa na kujua huko, kwa sababu kifo hakihesabiki kwa maoni. Kidonda "kimepona" ni maoni. Tafuteni kama picha zilisomwa na mtu asiyejua makundi. Na msidanganyike na kukatwa mguu: kunaonekana tokeo lisilo na ubishi, kumbe ni uamuzi wa daktari, na daktari anayejua kundi la mgonjwa anaweza kungoja wiki moja zaidi.

Tokeo la kutangaza mnalipata kwenye sajili za majaribio ya tiba, PACTR ya Afrika au ClinicalTrials.gov ya Marekani. Linganisheni tarehe ya kusajiliwa na ya mgonjwa wa kwanza, tokeo kuu na wiki ya kulipima. Sajili ikisema wiki ya 12 na makala ikapigia debe wiki ya 8, andikeni hivyo hivyo kwenye fomu. Jambo la pili, tiba kwenda kinyume, halina mengi: hakikisheni kila mtu amehesabiwa kwenye kundi alilopangiwa.

Tafiti zenu mbili zisizo na nasibu zinataka ROBINS-I, chombo cha aina hiyohiyo kwa tafiti zisizogawa kwa nasibu. Nani alilipia utafiti si mojawapo ya yale matano. Wekeni safu yake pembeni.

Mkiwaandikia watafiti, msiulize "mlificha ugawaji?", maana watajibu ndiyo. Waombeni waeleze hatua kwa hatua mgonjwa aliingiaje kundini. Wewe na mwenzako mjaze fomu kila mtu peke yake, na chini ya kila hukumu mnukuu sentensi ya makala iliyowapeleka huko. Anzeni na tafiti tatu tu, kisha mnitumie fomu zote mbili kabla hamjakaa kupatana. Mnapotofautiana ndipo ninapotaka kupaona.

Shoga yako